Mlango, Mwambie Mzee

"Jina la mgonjwa?"

Dada wa mapokezi aliuliza bila kuinua macho, vidole vyake vikisubiri juu ya kompyuta. Mimi nikaweka kadi ya bima mbele ya dirisha lake. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni, watu wamekumbatia chupa za chai na mablanketi, na baridi ya Mbeya asubuhi ile ilikuwa ya kung'ata masikio.

"Mama, nimeuliza jina la mgonjwa."

"Lipo hapo kwenye kadi," nikasema, nikamsogezea kadi ya bima.

"Kadi naiona. Ndugu lazima alitaje kwa mdomo, ndiyo utaratibu, tusije tukachanganya watu."

"Siwezi kulitaja."

Hapo ndipo akaniangalia. "Huwezi kutaja jina la mgonjwa wako? Kwani umemwokota?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu jibu la kumtosha, bibi mmoja nyuma yangu akanishika kiwiko.

"Mwanangu," akamwambia yule dada, "huyu anauguza baba mkwe, na huyo mkwe ni Mnyakyusa. Mkamwana hataji jina lake. Lete kadi, mimi nitalitaja."

Akapewa kadi. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, kisha akageuka akampa mwanaume aliyemfuata. "Baba, hebu nisomee, miwani nimeacha nyumbani." Yule mwanaume akasoma kwa sauti ya msoma matangazo kanisani, jina lote mpaka la babu yake mzee, na mimi nikawa natazama dari utadhani kuna kitu cha maana kule juu. Karatasi ikatoka kwenye mashine. Nikamwambia yule bibi "ndaga", ndiyo asante ya Kinyakyusa, akanipiga begani akacheka. Hivyo ndivyo mkwe wangu alivyoingia kwenye mfumo wa hospitali, kwa mdomo wa mtu ambaye hatukumwona tena.

Mimi mwenyewe si Mnyakyusa. Nilizaliwa Igowole nikakulia Mafinga, ambako baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Ukikulia karibu na msumeno mkubwa unazoea mapema kuona watu wakiongea bila mdomo, maana mle ndani hakuna anayemsikia mwenzake. Baba na wenzake walitumia mikono. Kidole juu, sukuma gogo. Kiganja kikilala, punguza. Ngumi, simama hapohapo. Mchana nikimpelekea chakula nilikuwa nasimama getini nikiwatazama wakielekezana, wakitaniana, hata kutukanana, kimya kabisa. Siku moja nilimuuliza baba: mtu akipewa ishara halafu asijibu, mnajuaje kama ameiona? Baba akasema, "Asipojibu usikimbilie kusema hajaona. Angalia kwanza mikono yake imeshika nini." Sikumwelewa, lakini niliendelea kuuliza mengine. Mama alikuwa akisema siku nikifa nitamuuliza mchimbaji kaburi lina kina gani.

Nikaolewa na Mnyakyusa, dereva wa lori la mbao aliyekuwa akija kupakia palepale Mafinga. Na huko ukweni nikakuta jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. Kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawapishani kwenye njia moja. Wengi siku hizi wameacha, utawakuta wakwe na wakamwana wamebanana kwenye kochi wanapiga picha. Mzee wangu hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa migomba na chai kule juu Tukuyu, mpole ajabu, lakini kwenye hilo hakulegea hata kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa mgongo, kwa viatu vyake vya mpira, na kwa kikohozi. Akikaribia nyumba alikohoa kidogo, nami nikajua nipite nyuma ya jiko.

Sasa mtaishije uwanja mmoja bila kusemezana? Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa mama mkwe, na jibu lake lilinichekesha mpaka nikashika tumbo. "Unaongea na mlango," alisema. Nikadhani ananitania. Jioni yake akanisimamisha nyuma ya mlango wa jiko, mzee akiwa barazani, akaniambia anza. Nikasema, "Mlango, mwambie mzee chai tayari." Kule barazani kikasikika kikohozi kifupi, kikavu. Maana yake: mlango umeshaniambia. Tuliishi hivyo, na niwaambie ukweli, tulielewana kuliko watu wengi ninaowajua wanaoshinda wakiongea. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, natapika kila kitu, nilikuwa nakuta ndizi mbivu mlangoni mwa jiko asubuhi, na matope ya viatu vya mpira yamekauka kizingitini. Hakuna aliyesema neno, na mimi sikuuliza, kitu ambacho kwangu ni cha ajabu.

Mzee huyo ndiye aliyeanguka shambani. Kiharusi kilichukua upande wa kulia na kauli yote. Majirani walimleta Mbeya, ambako mimi na mume wangu tumepanga, wakamwacha hospitalini, wakarudi zao. Mume wangu alikuwa njiani na lori kuelekea Dar es Salaam. Mama mkwe magoti yake hayapandi hata ngazi ya kanisa. Wifi yangu alikuwa Ubaruku kwenye mavuno, mpunga umelala shambani. Nikabaki mimi. Nikampigia mama mkwe kumuuliza nifanyeje.

"Nenda tu, mwanangu, nani mwingine yupo?" akasema. "Ila usimtazame. Kiharusi atakivumilia, aibu hataiweza."

Kwa hiyo nilikuwa naingia wodini na khanga kichwani, macho chini, naishia miguuni mwa kitanda. Nesi alimwogesha na kumlisha uji kwa mpira uliopita puani. Mimi nilileta uji, nikafua mashuka yake, nikafuatilia dawa dirishani. Na muda uliobaki nilitazama jinsi hospitali inavyosemezana, maana macho yangu hayakuwa na pa kwenda.

Jamani, pale kila kitu kinasema. Mapokezi kuna kipaza sauti ambacho hukwaruza kwanza ndipo kiseme. Wenyeji wakisikia mkwaruzo wananyamaza, wageni wanaendelea na soga zao na kukosa zamu. Mlinzi wa geti ana filimbi: akiivuta ndefu, muda wa kuona wagonjwa umeisha, akiikatakata, pisha gari la wagonjwa. Juu ya kitanda kuna kibao kimeandikwa "Asipewe kitu kwa mdomo", na kila ndugu akifika anakisoma kwa sauti, halafu anauliza, "Hata uji?" Simu za wagonjwa zinaning'inizwa kwenye nondo za dirisha, kwenye kona moja tu ambapo mtandao unashika, na ikilia yoyote wodi nzima inajua ni ya nani kwa mlio wake. Wasioruhusiwa kuingia wanasimama kwenye nyasi nje na kuinua vitu juu: kitenge, mtoto mchanga, dumu la maziwa. Mgonjwa anainua mkono dirishani. Wameshaonana, wanaondoka wameridhika.

Kilichonishangaza zaidi ni madaktari. Picha ya kichwa cha mzee ilipigwa, ikaingia kwenye kundi lao la WhatsApp, ikamfikia bingwa aliyekuwa mkutanoni Dodoma, na jibu likarudi kabla mzee hajarudishwa wodini kwa machela. Lakini kujua kama dawa yake ipo dirishani, ilibidi mtu aende kwa miguu, arudi, na aseme dirisha limefungwa. Nilimuuliza nesi kwa nini picha inafika Dodoma haraka kuliko swali kufika jengo la pili. Akacheka, akasema, "Dada, ukipata jibu uniambie na mimi."

Daktari wa wodi alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, mpole, macho mekundu kwa kuchoka. Siku ya kwanza alimsemesha mzee kwa Kiswahili asipate kitu. Kesho yake, mlinzi alipokuwa anatufukuza ndugu ili raundi ianze, akanizuia mimi.

"Mama, wewe Kinyakyusa unakijua?"

"Cha kuolewa, lakini naelewana nao."

"Basi baki. Wengine wakipata kiharusi, lugha waliyojifunza ukubwani inapotea, ya mama inabaki. Nitakuwa nasema, wewe unamwambia."

Nilijisikia mtu mkubwa, sitaficha. Ndugu wote nje, mimi ndani na madaktari! Nikajiambia hospitali ni hospitali, mzee atanisamehe. Nikasimama miguuni mwa kitanda, macho kwenye magurudumu, nikasema kwa mara ya kwanza tangu niolewe, moja kwa moja kwake: "Baba, daktari anasema ubane mkono wake."

Kimya.

"Baba, anasema uinue mguu wa kushoto."

Kimya. Nikasikia daktari akihema. "Amefumba macho tu," akasema. "Amegeuzia uso ukutani kabisa." Wakasemezana Kiingereza, yule daktari na wanafunzi wake. Kiingereza cha wodini ni cha kupita juu ya kichwa cha mgonjwa na ndugu zake, lakini mimi nilimaliza kidato cha nne, na "hafuati maelekezo" ni maneno ambayo sura ya msemaji inatosha kuyatafsiri. Asubuhi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Na iliyofuata.

Mwishoni mwa juma hilo daktari akaniita korido. "Mama, nikwambie ukweli. Watu wa mazoezi wanahitaji mgonjwa anayeelewa anachoambiwa, la sivyo hawana pa kuanzia. Vitanda ndiyo hivi unavyoviona. Alhamisi ni raundi kubwa, bingwa atapita mwenyewe. Kama hali ni hii, nadhani atawaambia mrudi naye nyumbani."

Nyumbani nilikujua. Njia ya utelezi kutoka barabarani, nyumba ya baridi, mama mkwe na magoti yake, na mpira wa puani ambao hakuna pale anayejua kuusafisha. Kurudi nyumbani vile kulikuwa kwenda kufa, basi.

Jioni nikampigia mume wangu. Alikuwa ameshajua, kwa sababu mchana nilikuwa nimemweleza mama mkwe, na ukoo nao una kundi lake la WhatsApp na habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Wazee wamekaa," akasema. "Wanasema tusimhangaishe. Nikishusha mzigo natafuta gari, Ijumaa nipo hapo, nimchukue."

"Umchukue aende wapi?"

"Nyumbani."

"Akafanye nini?"

"Mke wangu, kama hajitambui, tunafanyaje?" Halafu simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Nikaenda kwenye mabomba ya kufulia nikalia. Nilimpenda yule mzee, mtu ambaye sijawahi kumwona uso. Nililia na kufua, kufua na kulia, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu kwa ukali kwamba bado, na hapo nikasikia neno lenyewe nililolisema, nikalia upya.

Nilipoingia wodini kuchukua chupa ya uji, mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniita. Alikuwa Msangu wa Ubaruku, mguu wake umevunjika, umevutwa juu kwa kamba na mawe ya uzito, na kwa kuwa hawezi kwenda popote alikuwa anaongea na kila apitaye.

"Dada, nikuulize kitu. Wewe na huyu mzee mmekosana nini?"

"Hatujakosana. Mgonjwa haelewi chochote, tutakosana vipi?"

"Haelewi?" Akacheka, mawe yakatikisika. "Huyu? Ukitoka tu anafumbua macho. Anashinda anaangalia dirisha. Leo asubuhi ndege ametua pale kwenye nondo, mzee amemfuata kwa macho mpaka akaruka. Ila akisikia kandambili zako huko korido, chap, anafumba na kugeukia ukuta. Mimi nikajua tu hapa kuna ugomvi wa shamba."

Nikasimama na chupa mkononi. Nadhani nilisimama muda mrefu, maana yule Msangu aliniuliza kama naumwa.

Anafumba akisikia kandambili zangu. Maana yake anazijua kandambili zangu! Katika wodi ile yenye miguu ya kila namna, anachagua zangu. Anajua anayekuja ni mkamwana, na anajua mkamwana hatazamwi. Na mimi, mama yangu, nimesimama mbele yake kila asubuhi namwamuru "Baba fanya hiki, baba fanya kile", mbele ya wanafunzi, naye angejibuje? Kunijibu mimi ni kuvunja jambo alilolishika maisha yake yote. Mikono yake ilikuwa imeshika kitu. Nilimkumbuka baba na magogo yake, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja.

Nikamfuata daktari mpaka kwenye chumba chao, nikagonga, nikaingia kabla sijajibiwa. Nikamweleza yote, mila, mlango, kikohozi, ndizi, ndege. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati. Alinisikiliza kalamu ikiwa mdomoni.

"Ngoja," akasema. "Kwa hiyo nimemtafutia mzee mkalimani ambaye hawezi kumjibu?"

"Ndiyo, daktari."

"Na siku zote hizi hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Hata mimi nilidhani mgonjwa ameshatoka kwenye mambo ya wakwe."

Akacheka peke yake, akajipangusa uso. "Kwetu mama mkwe hata mkono humpi. Nilipaswa kuuliza." Kisha akakaa vizuri, na nikaona ule uchovu umemtoka. "Nielezee tena hiyo ya mlango. Lazima uwe mlango, au kitu chochote?"

Swali hilo hata mimi nilikuwa sijawahi kuliuliza. Nikampigia mama mkwe palepale. Mama mkwe akasema kitu chochote kilichosimama kati yetu kinafaa, alimradi tusionane, na akauliza kwa nini tunauliza. Nikamwambia nitampigia Alhamisi.

Alhamisi bingwa akaja. Alikuwa mama wa makamo, mkali wa saa, na nyuma yake msururu wa makoti meupe. Daktari wangu alikuwa ameshavuta lile pazia la magurudumu akalisimamisha kati ya kitanda cha mzee na cha Msangu. Mimi nilikaa upande wa Msangu, nimevua kandambili.

"Hili pazia la nini?" bingwa akauliza. Daktari akamnong'oneza. Nikamsikia akisema, "Haya. Lakini mfanye haraka."

Daktari akaniambia kwa sauti, "Mama, anza."

Nikasema kwa Kinyakyusa: "Pazia, mwambie mzee kuna watu wanataka kujua kama anasikia."

Wodi ilinyamaza. Hata Msangu alinyamaza, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Nikasikia pumzi za mzee, nikasikia kitu kinakwama kooni mwake, kinajaribu, kinashindwa, kinajaribu tena. Halafu kikatoka. Kilikuwa kibovu, chenye makohozi, lakini ningekitambua hata sokoni. Kile kikohozi cha barazani.

Nikaficha uso kwenye khanga. Msangu akanong'ona, "Dada, endelea, wanakusubiri."

"Amekohoa tu," bingwa akasema, si kwa ubaya. "Wagonjwa wanakohoa."

"Pazia," nikasema, "mwambie mzee agonge chuma cha kitanda kwa mkono mzima."

Ko.

Nikasikia wanafunzi wakisogea. Bingwa akasema, "Ainue mguu wa kushoto, halafu agonge." Nikaliambia pazia. Shuka likachakarika, mtu mmoja akasema "Aisee!", halafu: ko.

"Mwulize yuko wapi. Kanisani, agonge mara moja. Hospitalini, mara mbili."

Ko, ko.

Sauti ya bingwa sasa ilikuwa nyingine kabisa. Hakutaja tena haraka. Alizunguka akaja upande wangu, akanikuta nimekaa sakafuni, akachuchumaa. "Ndugu zake wanataka kumchukua kesho?"

"Ndiyo, daktari."

"Yeye mwenyewe kuna aliyemuuliza?"

Nikatikisa kichwa. Hakuna aliyemuuliza. Ukoo ulikuwa umekaa, madaktari walikuwa wamekaa, makundi yote ya simu yalikuwa yamekaa.

"Basi muulize. Kurudi nyumbani, mara moja. Kubaki afanye mazoezi, mara mbili. Na umwambie mazoezi yanauma na ni ya muda mrefu. Usimdanganye."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku zote zile. Maana alikuwa mzee wa migomba yake, na huenda alichotaka ni hicho hicho ukoo ulichotaka, akafie kwenye baridi yake mwenyewe. Na akisema hivyo itabidi nimsikilize, ndiyo maana ya kumuuliza mtu. Nikaliambia pazia kila kitu, mpaka la maumivu.

Ko.

Msangu akasema, "Ah." Bingwa akaanza kusimama.

Ko.

Mara ya pili ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza, mpaka chuma kikalia. Msangu akapiga makofi, mguu wake ukiwa hewani, nesi akamkemea huku naye anacheka. Bingwa akanishika bega. Nikasikia daktari wangu upande wa pili akimwambia mzee kwa Kiswahili, taratibu, kwamba amemsikia.

Mume wangu alifika Ijumaa na gari la kukodi, na blanketi jipya alilonunua kwa ajili ya safari. Nikambakiza korido nikamweleza. Hakuniamini. Akaingia, mimi nikabaki mlangoni, nikasikia akisema kwa sauti ya mtoto, "Baba?" na kile chuma kikagongwa mara nyingi mfululizo, bila hesabu. Alitoka macho yamemvimba, akampelekea Msangu lile blanketi.

Mazoezi yalichukua muda, kama bingwa alivyosema. Wifi alikuja baada ya mavuno akanipokea, na mfumo wa kugonga ukasambaa: manesi waliutumia, mtu wa mazoezi aliutumia, hata Msangu alikuwa anagonga chuma chake akitaka maji, akapigwa marufuku. Mimi sikuingia tena upande ule wa pazia. Kauli ya mzee ilirudi vipande vipande, nami niliisikia ikirudi kwa simu tu, mume wangu akiniwekea sauti kubwa.

Kisha tukaenda Tukuyu, ukungu ukiwa umekaa juu ya migomba. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti chake, fimbo kando. Nilipita nyuma kama kawaida, nikaingia jikoni, nikabandika chai. Ilipochemka nikasimama nyuma ya mlango.

"Mlango, mwambie mzee chai tayari."

Nilisubiri kikohozi. Hakikuja. Nikasubiri, nikafikiri basi, kiharusi kimerudi tena. Halafu nikasikia ulimi mzito unatafuta mahali pa kushika, unateleza, unaanza upya. Tangu niolewe hakuwahi kuutumia ule mlango kwa maneno.

"Mlango," mzee akasema. "Mwambie... mwambie... ndaga."

Chai ilifurika ikazima moto. Nikachukua mwiko, nikagonga mlango mara moja, ajue umeshaniambia.